Wanataka Wazee Wangu Wapige Kelele Kwenye Runinga

Admin, nifiche kabisa, Garissa ni ndogo. Mimi ni msichana wa miaka 27, nafundisha shule ya msingi hapa Galbet, na ninaandika vichekesho. Sina wakala, sina ndugu Nairobi. Nilipewa namba ya produsa mmoja wa runinga, nikamtumia hadithi yangu kwa simu.

Hadithi yenyewe: majirani wawili wanagombania mbuzi, wazee wanaitwa kufanya maslaha. Huku kwetu wazee wakikaa kupatanisha watu, lazima wachinjiwe. Basi wanakaa, wanakula, wanaahirisha, wanarudi kula tena. Suluhu ikipatikana, majirani wote wawili hawana mbuzi hata wa dawa. Nilimsomea abti wangu, kaka yake mama, ambaye mwenyewe hukaa kwenye vikao hivyo. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaniita abti, maana huku mjomba na mpwa huitana hivyo. "Abti, wallahi hii ni sisi wenyewe! Beleka Nairobi waone." Akawaita wazee wenzake wakaniombea dua. Mama akachinja, angefanyaje?

Produsa akapiga simu. Daraja la Tana la kuingia Garissa hajawahi kulivuka, lakini Wasomali anawajua kuliko mimi! "Dada, umeandika poa, ila hawa wazee wana akili sana. Watu wanataka Msomali wa kupiga kelele. Mmoja mpe bunduki. Na kila p iwe b, hapo watu wataanguka." Nikamwambia ndiyo, wengi wetu tunaongea hivyo, lakini hayo ni maongezi tu, kichekesho kiko wapi? Akacheka peke yake. Watu hawa wananitia kichefuchefu. Vichwa vitupu, mzaha ule ule miaka nenda miaka rudi, na bado wanajiita wabunifu.

Nikakataa. Hakujali hata kidogo. "Hadithi ninayo tayari, vijana wangu wataibadilisha. Ukikubali, jina lako litatokea. Ukikataa, itatoka bila wewe. Nijibu kabla ya Ijumaa."

Kwa hiyo itaonyeshwa, nitake nisitake. Abti na wenzake wameshapanga kukaa mbele ya runinga ya hoteli wanakokunywa chai, waone jina la binti yao. Nimeshindwa kumwambia. Naona aibu, na nina hasira.

Jamani, nipeni akili. Niweke jina langu wazee wajue ni mimi niliyewauza, au ninyamaze, watukanwe kipindi kizima huku bado wakilisubiri?