Mashua za Kuwarudisha

Mwajiri wangu wa Al Warqa, ughaibuni nilikofanya kazi za nyumbani, niliyemwita sir, alikusanya nakala za kumbukumbu za vita. Babake alikuwa komando, na pamoja na wenzake walivamia bandari ya adui kwa meli iliyojaa vilipuzi.

Asubuhi niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki, nilimkuta sir mezani akisoma karatasi za babake huku akilia. Mashua za kuwarudisha makomando ziliteketea, akaniambia.

"Hebu fikiria, huna njia ya kurudi kwenu!"

Nifikirie nini tena? Nikamwomba pasipoti yangu nikamzike mama.

"Inshallah," akasema, na inshallah ya mwajiri naijua. Akafuta machozi, akazirudisha karatasi za babake kwenye droo, juu ya pasipoti yangu, akafunga kwa ufunguo.