Pikapu ya Mzee Mhina Inavuja Tena

Baba yake Afisa alikuwa manamba, akakata mkonge miaka ishirini na tisa katika shamba moja karibu na Korogwe, na mtoto wake wa mwisho alipozaliwa akampa jina hilo, akitumaini kwamba jina litamvuta mtoto hadi kwenye kiti na meza. Halikumvuta. Afisa alimaliza kidato cha nne, akaingia karakana ya shamba kuosha vipuri kwa dizeli, na leo ana miaka hamsini na mbili na karakana yake mwenyewe upande wa chini wa barabara kuu: mabati, shimo moja la kukagulia magari, na benchi refu la wateja.

"Afisa yuko ofisini?" huuliza madereva wakifika. Wakiona miguu miwili imechomoza chini ya lori, wanajua yuko.

Injini huwaachia wengine. Yeye ni fundi wa nyuma: difu na meno yake ya kuzungusha magurudumu, ekseli, sili za mpira zinazozuia oili isivuje, magurudumu ya nyuma na breki zake. Wapo mafundi wanaoanza na spana. Afisa huanza na maswali. Linalia ukikanyaga mafuta au ukiachia? Kwenye lami tu, au hata kwenye vumbi? Ukikata kona ya kushoto sauti inazidi au inapungua? Na dereva akibabaika, Afisa humwambia kwa upole, "Wewe unakaa mbele, ugonjwa uko nyuma. Niletee abiria wako."

Akishamaliza maswali hupanda mwenyewe. Hutandika gunia sakafuni mwa gari, juu ya ekseli kabisa, akavua viatu, akakanyaga bati kwa nyayo tupu. Mvumo husikika kwa masikio, lakini mtetemo, asema, huingilia miguuni. Watu wa barabara ya Handeni wameshamzoea: mtu mzima ameketi peke yake nyuma ya gari, viatu mapajani, macho ameyafumba.

"Huyo anapelekwa kwa mganga," husema Semboja, dereva asiye na gari la kudumu, ambaye hushinda kwenye lile benchi akisubiri wa kumkodi.

Mwezi wa tano, masika yakielekea ukingoni, Semboja ndiye aliyeileta pikapu ya buluu ya Mzee Mhina kutoka kijiji cha Kwaluguru. Aliiendesha taratibu mno, mkono haukuachana na breki ya mkono. Ndani walikuwa Mzee Mhina mwenyewe na Hafsa, binti yake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi pale Korogwe.

"Shikamoo, mzee," Afisa alisema akifuta mikono.

"Marahaba, mtoto wa manamba. Nimekuletea mgonjwa wako."

"Si alipona?"

"Alipona mbele yako. Nyumbani akarudia."

Hafsa hakucheka. Alishuka, akaufungua mkoba wake, akatia ndani ufunguo wa gari alioupokea kwa Semboja na kuufunga tena.

"Fundi, hii ni mara ya tatu," alisema. "Mwezi wa pili ulibadilisha sili za kushoto na kulia. Mwezi wa nne ukazibadilisha tena, pamoja na ile ya mbele ya difu. Jumamosi baba alikuwa anateremka kurudi nyumbani na mahindi na kina mama watatu, akakanyaga breki, hakuna kitu. Amesimama kwa kugonga kichuguu."

"Kichuguu kilikuwa njiani," alisema Mzee Mhina.

"Baba, kilikuwa shambani kwa watu." Akamgeukia fundi tena. "Mimi na wadogo zangu wote tumezungumza. Baba ana miaka sabini na minne. Ukiniambia kosa ni la gari, litengeneze. Ukiniambia kosa ni la dereva, huu ufunguo haurudi Kwaluguru."

Mzee Mhina alikwenda kuketi benchini kati ya Semboja na wenye malori wawili. Alivua kofia yake, akaiweka gotini, akawa anaitazama. Kule kwao pikapu ile ndiyo iliyopeleka mahindi yake sokoni kwa miaka kumi na minane, ikawapeleka wajawazito hospitalini na maiti makaburini. Bila ufunguo angebaki mzee wa kuketi barazani na kuulizwa kama ameshakula. Kila mtu pale alilijua hilo, na Afisa alilijua zaidi.

Alizifungua ngoma za breki za nyuma. Zote mbili zilikuwa zimelowa. Akachovya kidole, akanusa. Oili ya difu haifichiki. Ina ukali wa yai lililooza. Basi si oili ya breki iliyovuja, ni ya ekseli iliyopita kwenye sili na kuzilowesha breki. Akaingia chini na tochi. Kushoto imevuja. Kulia imevuja. Mbele, pale shafti inapoingia kwenye difu, imevuja. Na sili zote ni mpya, amezigonga mwenyewe kwa mikono yake.

Hakufungua kitu kingine. Alisafisha ngoma, akaweka viatu vya breki vikavu alivyokuwa navyo, akajaza oili iliyopungua, akatandika gunia lake.

"Semboja, endesha. Mwalimu, mpe ufunguo, ukae mbele."

"Na mimi nakaa nyuma," alisema Mzee Mhina. "Gari ni langu."

Wakashika barabara ya Handeni. Mzee alimtazama fundi akivua viatu, kisha naye akavua vyake.

"Unasikia nini?" aliuliza baada ya kitambo.

"Nakusikia wewe, mzee."

"Haya, nanyamaza."

Semboja akaongeza mwendo, na mvumo ukaanza, wa chini, kama mtu anayeimba bila kufungua midomo. Akikanyaga mafuta ulififia, akiachia ulirudi. Afisa alimwashiria aingie njia ya vumbi. Mvumo ukabaki vilevile, kwa hiyo haukuwa wa matairi. Akamwashiria ayumbishe gari kushoto na kulia, na Semboja akayumbisha kwa furaha isiyohitajika. Mvumo haukubadilika, kwa hiyo haukuwa wa beringi za magurudumu. Nyayoni hapakuwa na mtetemo wowote, kwa hiyo shafti ilikuwa salama. Yalikuwa meno ya difu, yaliyowahi kusaga bila oili ya kutosha.

"Atakufa?" aliuliza mzee.

"Huu mvumo hautamuua. Atazeeka nao. Kinachonisumbua ni huku kuvuja."

Waliporudi ekseli ilikuwa ya moto. Hapo ndipo Afisa alipofanya jambo ambalo hakulifanya mwezi wa pili wala wa nne. Alijilaza chini na kuilegeza kidogo ile nati ya kujazia oili, nusu mzunguko tu.

Ekseli ikapumua. Hewa ilitoka kwa mlio mrefu mwembamba, ikaendelea kutoka, hata waliokaa benchini wakageuza shingo.

Afisa akalala palepale, akili ikimfanyia kazi. Juu ya ekseli kuna kitundu cha kupumulia chenye kikofia kidogo kuliko kifungo cha koti. Gari likitembea, oili hupata moto na hewa ya ndani hutanuka, hutokea pale. Alipeleka kidole juu, mahali pasipoonekana. Akakuta tope lililokauka. Akalibandua. Chini ya tope kidole kikagusa kitu laini.

Alikitoa polepole. Kilikuwa nta ya nyuki, ya manjano, imekandwa pamoja na nyuzi za katani na kufinyangwa juu ya kikofia kwa ustadi, haina hata ufa. Mtu aliyeifanya kazi ile aliifanya kwa mapenzi. Na pale Kwaluguru mwenye mizinga na pikapu alikuwa mmoja.

Hapo Afisa akakumbuka. Masika ya mwaka jana Mzee Mhina alivuka maji yaliyofika juu ya magurudumu, na oili ya difu ikageuka nyeupe kama tui. Afisa ndiye aliyeimwaga na kuweka nyingine. Na ndiye aliyesema, akiwa na haraka ya gari jingine, "Maji yameingilia huku juu, kwenye kitundu. Safari nyingine usiyaache yaingie."

Alitoka chini ya gari na ile nta kiganjani.

"Ni nini hicho?" aliuliza Hafsa.

Mzee Mhina aliinuka benchini, akasogea, akaitazama.

"Ni nta yangu," alisema. "Nimeziba mimi."

"Ulikuwa unaziba nini, baba?"

"Maji yasiingie."

"Nani alikwambia uzibe?"

Mzee akamtazama Afisa, mara moja tu, macho kwa macho. Kisha akageuza uso barabarani.

"Uzee tu, mwanangu," alisema. "Mtu anadhani anajua."

Benchi zima lilikuwa linasikiliza. Semboja mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. Wale wenye malori wawili walikuwa wateja wa miaka mingi. Hafsa alikuwa amelishika pindo la mkoba wake, na uso wake haukuwa wa hasira tena bali wa mtu aliyepata jibu ambalo hakulitaka. Afisa aliona kwamba mambo yangeweza kuishia pale. Mzee alikuwa ameshakubali kuupoteza ufunguo wake ili fundi asiaibike mbele ya wateja wake, na hakuwa amedai chochote.

"Mwalimu," Afisa alisema, "huyu alifanya nilichomwambia."

"Fundi, achana," alisema Mzee Mhina kwa sauti ndogo.

"Siachani. Mwaka jana nilimwambia maji yasiingie. Sikumwambia hewa itokee wapi. Nusu ya neno ilibaki kinywani mwangu, naye akaenda na nusu aliyopewa." Akainua ile nta wote waione. "Chukua chupa ya togwa, izibe, iweke juani. Itafanyaje?"

"Itarusha kizibo," alisema Hafsa.

"Na kizibo kikigoma?"

"Itapasuka."

"Hii haikupasuka. Ilisukuma oili kwenye sili. Mimi nikabadilisha sili, ikasukuma tena. Sili tatu haziharibiki pamoja kwa bahati mbaya. Nililijua hilo tangu karakana ya shamba. Mara mbili nimekuwa chini ya gari hili, na mara zote mbili sikuinua kidole kwenda juu. Kosa la nta ni letu wawili. Yale mengine ni yangu peke yangu."

Hafsa alimtazama baba yake. "Na dereva?"

"Dereva alikosa breki akiwa na watu nyuma, akatafuta kichuguu. Kijana angetafuta mti." Afisa alifuta kidole. "Mimi ningepanda gari lake hata leo."

"Tena bila viatu," Semboja akadakia, na wale wa malori wakacheka, wakashukuru kupata cha kuchekea.

Kazi ilichukua siku mbili. Afisa aliweka sili mpya na viatu vipya vya breki. Pale kwenye kitundu aliunga mpira mwembamba, akaupandisha hadi nyuma ya kabini, juu kuliko maji yoyote ambayo mtu mwenye akili angethubutu kuyavuka, na ncha yake akaikunja itazame chini. Mzee Mhina alikuja kila asubuhi kutazama. Aliukagua ule mpira kwa vidole, akauliza nyigu wakijenga ndani itakuwaje. Afisa akakiri kwamba hilo hakuliwaza, akafunga kipande cha wavu mdomoni mwa mpira.

"Umeona," alisema mzee. "Na mimi nina nusu zangu."

Hafsa alikubali kila kitu isipokuwa kimoja. Ufunguo angeutoa pale atakapoona kwa macho yake, kwenye mteremko uleule, gari likiwa na mzigo. Kwa hiyo Alhamisi wakapakia mifuko ishirini ya saruji ya msikiti wa Kwaluguru. Hafsa akampa baba yake ufunguo kwa safari ile tu, akakaa pembeni yake. Afisa akatandika gunia juu ya saruji na kuvua viatu.

Mvumo ulikuwepo, ukipanda na kushuka kama ilivyotarajiwa. Njia ikainama. Upande wa kulia, ndani ya shamba, kichuguu kilisimama kimemeguka bega. Katikati ya mteremko Hafsa akasema, "Simama," kwa sauti ileile anayowasimamishia watoto darasani.

Pikapu ikasimama. Mifuko haikuteleza.

"Twende. Simama tena."

Ikasimama tena, karibu kabisa na kichuguu.

Hafsa alishuka. Alitoa leso nyeupe kwenye mkoba, akapiga magoti nyuma ya gurudumu la kushoto, akaifuta ngoma kwa nyuma. Akazunguka, akafanya vivyo hivyo kulia. Aliikunjua leso mbele ya Afisa. Vumbi jekundu tu.

Walifika Kwaluguru adhuhuri. Wanaume wa msikitini walikuja kushusha saruji, wakimwamkia Mzee Mhina na kumtania kuhusu kichuguu, wakimwuliza kama safari hii amekiomba radhi. Mzee alizima gari. Akauchomoa ufunguo, akashuka, akamwendea binti yake na kumnyooshea kama walivyokubaliana.

Hafsa alikuwa amesimama karibu na mifuko.

"Ushike mwenyewe, baba," alisema. "Mikono yangu imejaa saruji."

Mzee akautia ufunguo mfukoni mwa kanzu, akageuka upesi kwenda kuwaelekeza wanaume mahali pa kupanga mifuko. Afisa, aliyekuwa anafunga viatu, aliitazama mikono ya Hafsa. Ilikuwa safi. Hafsa naye akaona anatazamwa, akainama haraka na kuukumbatia mfuko wa karibu.