Nilimficha Baba Siku ya Msaragambo

Nina kosa, tena kosa lenyewe nililifanya macho yangu yakiwa wazi. Hata mke wangu halijui. Naliandika hapa kwa sababu hamnijui, na kwa sababu juzi nimesikia tena watu wakilicheka jina la baba yangu, na mimi nikacheka nao. Nilicheka, jamani! Nimerudi nyumbani nimeshindwa kula.

Mimi ni mtu wa Mhezi, huko juu milimani, ila nimekulia Same mjini. Baba aliteremka akiwa kijana kwenda kukata mkonge, akabaki huko chini miaka yake yote ya nguvu. Shamba la mkonge lilipopunguza watu, alikuja kuishi na mimi kwenye chumba changu kimoja, na goti lake bovu, na jembe lake alilolifunga kwa gunia kama mtoto mchanga.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Tulikuwa tumechoka na foleni za sukari na sabuni, mara maduka yakajaa kila kitu, ila sisi wa kununua ndio tukawa hatuna. Nikaingia kwenye mitumba. Kazi ya mitumba, kama hujaifanya, siri yake ni kuwahi. Belo la nguo likifunguliwa, aliye karibu anachagua vizuri, aliyechelewa anaokota mashati yasiyo na kola.

Sasa nikueleze kuhusu ndiva, maana bila hiyo hutaelewa nilichokifanya.

Ndiva ni mabwawa ya milimani yaliyochimbwa na mababu zetu. Maji ya kijito yanajikusanya humo, kisha yanafunguliwa yaende mashambani, kila kaya kwa zamu yake. Nilipokuwa mtoto niliyaita maziwa, na Baba wala hakunisahihisha. Kila mwaka wenye zamu wanakusanyika kutoa tope. Kazi hiyo ya pamoja ndiyo msaragambo. Jioni ya kuamkia siku yenyewe hupigwa pembe, kijiji kizima kinasikia. Usipotokea unatozwa faini. Usipotokea miaka nenda miaka rudi, zamu yako inakwenda kwa mwingine.

Baba alikuwa hajaingia tope hilo tangu ujana wake. Ndugu walimchimbia mpaka wakachoka. Mwaka ule kamati ya ndiva ikamtumia neno la mwisho: aje mwenyewe, kwa mikono yake, zamu itabaki yake. Asipokuja, basi. Na bila zamu, kile kishamba chake kiangazi kinakuwa mawe matupu. Baba alikuwa anataka kurudi kwao, apande maharage, afie karibu na kaburi la Mama. Hakuwa na ombi jingine duniani.

Tatizo lilikuwa goti. Gari halipandi hadi kwetu, na mlima ule kijana anaupanda kwa siku moja, yeye asingeuweza. Kwa hiyo tukapanga safari ya siku tatu, ya mdogo mdogo. Aliichora nyuma ya kalenda kuukuu. Siku ya kwanza lori litushushe chini ya mlima, tutembee hadi ndiva ya kwanza, tulale kwa shangazi. Siku ya pili hadi ndiva ya kati, tulale kwa rafiki yake mzee wa kanisa. Siku ya tatu ndiva ya kwetu, tufike mchana, kesho yake aamkie kazini.

"Nitapumzika kila nitakapotaka," aliniambia. "Usinihimize. Mlima hauna abiria wa kuwahi."

Nilimtafutia begi la mgongoni kwenye mitumba, la bluu, lenye mikanda ya kufunga kifuani. Kila jioni alilijaza blanketi, sufuria na mahindi ya makande, akalivaa, tukatembea hadi stesheni ya reli na kurudi. Watoto wa mtaani walimwita mwanajeshi. Akawapigia saluti! Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahia kitu namna ile, na kila siku aliniuliza kama ujumbe wa siku ya msaragambo umefika.

Ujumbe ukafika. Kondakta wa basi linalogeuzia chini ya mlima alinikuta sokoni, akaniambia neno kwa neno: pembe itapigwa Jumatano jioni, kazi ni Alhamisi, mwambie Mzee. Ilikuwa Jumamosi. Hesabu ilikuwa rahisi, tuondoke Jumatatu.

Sasa Jumatatu hiyo hiyo kulikuwa na belo la masweta linafunguliwa mjini Mwanga. Masweta, na baridi ya milimani ndiyo inaanza! Nilisimama pale sokoni nikiyaona masweta yale moja moja.

Nikaenda nyumbani. Baba akaniuliza. Nikamjibu, "Umefika, Baba, ila mwaka huu wamesogeza mbele. Ni Alhamisi ya wiki ile nyingine, si hii inayoanza."

Akasema sawa, goti litapata siku zaidi za kupumzika.

Nilijidanganya kwamba wazee wataelewa. Watatupiga faini, nitailipa kwa masweta, yamekwisha. Kesho yake Jumapili nilimzuia hata kwenda kanisani, nikisema asilitoneshe goti. Uongo mtupu! Niliogopa asije akakutana na mtu wa Mhezi akamwambia siku.

Belo lile lilikuwa zuri sana. Nililia sana baadaye kwa sababu ya uzuri wake. Nilimtolea Baba sweta moja la kahawia, zito, akalivaa hapo hapo ingawa Same ilikuwa jua kali.

Wiki iliyofuata tukaondoka. Na safari yenyewe, sijui nisemeje, ndiyo safari nzuri kuliko zote nilizowahi kwenda. Tulitembea kama watu wasio na shida, na tuliolala kwao walikuwa wa ndiva nyingine, hawakujua siku yetu. Kwenye ndiva ya kwanza alinawa uso, akakaa ukingoni akinionyesha alipoangukia akiwa mtoto. Kwenye ndiva ya kati tulipika makande wenyewe, tukala tukiangalia maji, ukungu ukaja ukayafunika, ukaondoka. Akanitania kwamba nimezoea kuuza nguo za wafu wa Ulaya mpaka ninatembea kama ninawakimbia. Nikacheka, nikampakulia tena makande.

Ila siku ya tatu, njia nzima, alikuwa anasikiliza. Pembe ilipaswa kulia jioni ile. Aliniuliza kama bado tuko mbali ndiyo maana hakuna maandalizi, maana tulipishana na watu wanakwenda zao shambani, hakuna aliyezungumzia kazi.

Tukafika. Ndiva ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maji safi yanang'aa, na tope la zamani limerundikwa pembeni, limeshakauka na kupasuka.

Baba alisimama na begi lake la bluu, ameshika jembe.

Mzee wa maji, msimamizi wa zamu, akaja na wenzake wawili. Alikuwa rika la Baba, wamecheza pamoja utotoni. Nikawaamkia shikamoo, wakaitika marahaba, lakini macho yao yalikuwa kwa Baba.

"Tulikungoja mpaka jua likageuka," Mzee wa maji alisema. "Tukakuachia na sehemu yako ya kuchimba. Zamu tumempa mwingine, ndugu yangu. Kamati ilishakaa. Kondakta aliapa kwamba alimpa kijana wako ujumbe ana kwa ana."

Wote wakanigeukia. Nikafungua mdomo. Naapa nilitaka kusema!

Baba akanitangulia. "Alinipa," alisema. "Kijana alinipa ujumbe siku ile ile. Ni mimi niliyechanganya siku. Uzee huu."

Mzee wa maji akamshika bega, akasema pole. Mmoja wa wale wenzake akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema hata pembe Mzee angeisahau. Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi. La kwanza nililifanya kwa tamaa. Hili nililifanya baba yangu akiwa amesimama mbele yangu anajibebesha aibu yangu.

Tulianza kuteremka siku iliyofuata, chini tukapanda lori. Tulipofika chumbani alivua lile sweta, akalikunja vizuri kama yanavyokunjwa ya kuuza, akaliweka juu ya rundo la biashara yangu. Akalala akiangalia ukuta.

Baba aliishi mwaka mmoja na miezi michache baada ya hapo, kwenye joto la Same, katikati ya nguo zangu za mitumba. Alimaliza siku zake kwenye kile chumba. Kila nilipojikaza nimwambie, aliniuliza jambo jingine, kana kwamba ananizuia. Mara moja tu aliigusa safari ile, alipokuwa mgonjwa sana.

"Pale ndiva ya kati tulikaa vizuri," alisema. "Ahsante kwa kunitembeza."

Alinishukuru! Heri angenitukana.

Tulimzika Mhezi, kando ya Mama. Tangu hapo kila mwaka ninapanda kuingia msaragambo, ingawa sina zamu pale. Ninatoa tope mpaka mikono inachubuka, ninatumia jembe la kuazima. Lile la Baba liko kwangu bado kwenye gunia lake. Nashindwa kulitia tope ambalo yeye alinyimwa.

Na kila mwaka wapo wanaonitania. Mtu akichelewa kufika, wanamwita kwa jina la Baba. Limekuwa neno la kijiji. Vijana ambao hawakumwona hata siku moja wanalitumia. Juzi mtoto wangu wa kiume, nimekwenda naye kwa mara ya kwanza, akaniuliza kama ni kweli babu yake alikuwa mtu wa kusahau. Watu wakacheka, nikacheka, nikaendelea kuchimba.

Wewe unayesoma, kama umepewa ujumbe wa mzazi wako, ufikishe leo. Usiupime kwanza kwa faida yako. Na kama mzazi wako amewahi kujibebesha kosa lako mbele za watu, kaseme ukweli angali anasikia. Mimi nimechelewa kwake, na kwa mwanangu bado sijapata ujasiri. Nimeanza na ninyi.

Baba yangu hakusahau siku. Alikuwa ananiuliza kila jioni.