Nusura nimwongezee Babu kidonge cha presha kwa sababu ya kahawa ya kutafuna

Wakuu, heshima yenu. Haya yamenikuta mimi hapa Izigo, na sehemu ya kuniaibisha nimeiacha ilivyo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Udaktari sijausomea, najisomea kwenye simu mpaka macho yanawasha. Babu alipoanza vidonge vya presha, nikanunua kipimo na daftari la kuandikia namba. Mstari ukipinda, nachana ukurasa.

Kila asubuhi nikifika, Babu ananikaribisha kama Mhaya anavyomkaribisha mgeni: kikapu kidogo cha amwani, kahawa kavu ya kutafuna. Naye anatafuna. (Enzi za ujamaa alipokea kahawa za wakulima kwenye ushirika, kinywa kilizoea huko.)

Tukimaliza, napima.

Wiki nzima presha iko juu.

Nikaamua kumpa vidonge viwili badala ya kimoja. Nilishaviweka kwenye kisosi, wakuu. Kisha nikaogopa kuamua peke yangu. Nikamwambia avae koti, twende Muleba kwa nesi.

"Kabla ya kupima mnafanya nini?" nesi akauliza.

"Tunakula amwani."

Akacheka. "Na unampima ukiwa umekunja uso hivyo?"

"Kama mkaguzi wa ushirika!" Babu akadakia.

Nesi akanieleza. Kahawa huchochea adrenalini, na hofu vilevile. Homoni hiyo husafiri kwenye damu, moyo unadunda kwa nguvu, mishipa mingi inabana, presha inapanda kwa muda. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa inakakamaa na kuharibika. Mimi nilikuwa napima kahawa ya asubuhi, nikidhani ugonjwa umezidi.

"Ungempa viwili, presha ingeweza kushuka mno, akaanguka," akasema.

Nilitamani sakafu inimeze.

Babu akakalishwa nusu saa, kimya, bila kahawa. Akapimwa. Presha nzuri! Kidonge kimoja kinamtosha.

Kisha nesi akanifunga mimi mkononi kile kitambaa cha kipimo. Yangu ilikuwa juu kuliko ya mzee.

"Haya, mgonjwa amepatikana," Babu akasema, akainuka kumpisha mgonjwa kiti.

Nilichojifunza: mzee apumzike kwanza, apimwe, kahawa baadaye. Na dozi haibadilishwi na mjukuu mwenye bando.

Siku hizi Babu ananicheka tukishamaliza kupima, na namba zimetulia.

Wenye wazee wa presha nyumbani, ninyi mnapimaje? Na mwenye dawa ya wasiwasi isiyo kidonge, ashushe hapa, nasoma zote.