Tovuti Isiyokaa Chini ya Ngazi

Sindano ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu hajaota meno, na jina hilo nimempa mimi kwa wembamba wake. Kazi yake ni kutengeneza tovuti. Watu husema sina jema la kusema juu ya mtu. Ninalo, na ni lake.

Mume wangu aliponikimbia akaenda kwa mwanamke mwingine, aliniachia duka la sare za shule na kompyuta moja chini ya ngazi. Tovuti ya duka ilikaa humo. Kompyuta ilitaka iwashwe usiku na mchana, ilipata joto kama jiko, na nywila alibaki nayo yeye. Kila tukigombana alipita dukani kama anasalimia tu, akachomoa waya. Wateja wakifungua tovuti wanakuta patupu, wanadhani nimefunga, wanakwenda kwa mshonaji mwingine. Msimu mzima wa kufungua shule ulinipita hivyo, vitambaa vimejaa mpaka mlangoni. Nilijua ukinipita wa pili, duka sina.

Wakati huo Sindano alikuwa ameacha kazi ofisini. Alikuwa akilinda seva, yaani kompyuta zinazobeba tovuti za watu. Zikizimika, anayeamshwa ni yeye.

"Mamkubwa, nimelea mashine za watu mpaka nimekonda."

"Ulikuwa mnene lini?"

Akacheka. Kisha akasema duka langu halihitaji mashine ya kulinda. Bei za sare hubadilika kwa nadra. Ya nini kompyuta ikeshe ikiandaa ukurasa uleule upya kwa kila mteja? Akaandika kurasa zikiwa zimekamilika, picha na bei humo humo, akazikabidhi kwa kampuni inayoweka nakala zake katika miji mingi. Fomu ya oda hupokelewa na kampuni nyingine, ambayo huniletea ujumbe kwenye simu. Sisi hatuna cha kuwasha wala kuzima.

"Na anwani?" nikauliza. Ile ya zamani ilikuwa ya yule bwana.

"Tunafungua mpya, kwa jina lako."

"Wateja wataijuaje?"

Aliokota shati lililokuwa mezani, akaligeuza kola. "Hapa si tunashona lebo?"

Basi tukatarizi anwani kwenye lebo. Kila shati lililotoka dukani liliibeba shingoni, na wazazi waliisoma wakifua.

Yule bwana hafui. Karibu na shule kufunguliwa, aliingia na mpagazi.

"Shikamoo, baba mkubwa," Sindano akasema, pini mdomoni.

"Marahaba. Nimefuata kompyuta yangu." Akanigeukia mimi. "Tuone hao wateja wako watakupatia wapi."

Niliacha kushona. Sindano alikuwa amenieleza yote na mimi nimeitikia, lakini sikuwahi kuona ile kompyuta ikiondoka kweli. Mwenzangu hata hakubisha. Alichomoa waya, akazikunja vizuri, akafuta na vumbi.

Mpagazi alipofika mlangoni na mzigo wake, simu yangu ikalia. Oda: sketi mbili na sweta. Ikalia tena.

Yule bwana akasimama. "Nyingine mmeificha wapi?"

"Hakuna nyingine, baba mkubwa."

"Usinifanye mjinga, mtoto wewe. Tovuti lazima ikae mahali."

"Inakaa. Ila si humu ndani."

Akainama chini ya meza ya kukatia. Akafungua mpaka kabati la nyuzi.

"Bosi," mpagazi akaita, "hii nzito. Tunakwenda au niiweke chini?"

Wakaenda. Sindano akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Ujana niliommalizia mtu yule haurudi kwa oda ya sketi. Nilimwambia Sindano asogeze majora ya vitambaa chini ya ngazi, maana sasa pana nafasi, nikarudi kwenye cherehani. Sketi zilikuwa zinasubiri, na lebo zilikuwa zimekaribia kuisha.