Mama Mwenye Masharubu

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, siku niliyomvika mzee mmoja wa Kihindi kitenge mbele ya darasa zima. Usicheke bado. Kesho unapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, unaenda Lilongwe kuanza masomo yaleyale niliyosoma mimi, kwa hiyo kaa hapa kwanza unisikilize.

Wakati huo nilikuwa kijana, tena kijana wa Bukavu, maana yake nilikuwa najua kila kitu. Hapa kambini Dzaleka nilikuwa nafundisha watoto Kifaransa, mama yenu anashona. Chuo kimoja mjini kikanipa nafasi ya kusoma shahada ya uzamili: fasihi ya Wahindi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Majirani walishangaa. "Bahindi banaandikaka vitabu?" aliniuliza mmoja. "Mi nilijua banauzaka vitenge tu." Pasta naye akanitangaza kanisani, akaniombea kwa sauti kubwa mpaka nikaona haya.

Lakini nafasi yenyewe ilikuwa ya majaribio. Mwalimu wetu, Madamu mmoja wa Kimalawi asiyependa mchezo, alisema wazi: kila mtu atatoa eksipoze, yaani atasimama mbele ya darasa aeleze uchambuzi wake, juu ya riwaya moja, na atakayeshindwa hataandika tasnifu, atarudi kwao. Sasa mimi kwetu kulikuwa wapi? Bukavu kulikuwa hakurudiki kwa ajili ya vita. Ningerudi hapahapa kambini na aibu yangu, kila Jumapili natazamana na pasta.

Riwaya yangu ilikuwa ya familia moja ya Kibengali. Wenzangu Wamalawi walilalamika kwamba mwandishi ametia maneno ya kwao bila kueleza hata moja. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Yaelezwe ya nini? Gari! Dunia! Dada! Mama! Niliona nimefika kwa mama mkubwa, bado tu kuletewa chakula.

Tatizo lilikuwa moja. Huyo Mama, kila mahali ameandikwa "he". Dada naye "he". Na sisi tunajijua: kwetu mwanamke ni yeye, mwanaume ni yeye, ndiyo maana tukisema Kiingereza "he" na "she" zinatuchanganya mpaka leo. Nikasema, masikini, kumbe hawa Wahindi ni ndugu zetu kabisa, nao zimewashinda! Nikamhurumia mwandishi. Nikachukua kalamu ya risasi nikaanza kumsaidia, kila "he" ya Mama naigeuza "she". Nilisahihisha nikiwa nimekaa nyuma ya kabaza. Nilisahihisha nikisubiri nsima, ugali wao, iive kule mjini mtaa wa Area 36 nilikopanga. Kitabu cha maktaba, mwanangu. Cha maktaba!

Mama yenu alichungulia siku moja nilipokuja huku nyumbani, maana yeye ni Munyarwanda na hapitwi na kitu.

"Huyu mama iko na masharubu?"

"Bamama bengine banakuwaka nayo. Shangazi yangu wa Bukavu umemusahau?"

"Na kiko anavuta?"

"Njo nguvu ya mwanamke. Njo eksipoze yangu hiyo."

"Mi ningekuwa weye, ningeuliza Madamu."

"Niulize nini? Haya maneno ni ya kwetu!"

Siku ikafika. Nikavaa koti. Nikahubiri kuhusu yule Mama, mwanamke asiyeogopa mtu, anayevuta kiko barazani na kufokea wanaume. Madamu alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika. Mimi huyo, mbele kwa mbele, mpaka pale Mama anapooa mke. Hapo hata mwenyewe nilikuwa nimekwama, lakini dawa nilishaipata: nikatangaza kwamba mwandishi huyu ni jasiri kupita kiasi.

Madamu akavua miwani. "Kwa Kibengali," akasema polepole, "Dada ni kaka mkubwa. Na Mama ni mjomba."

Kisha mwenzangu mmoja akapasuka: "Amalume!" Ndivyo Wamalawi wanavyomwita mjomba. Darasa lote likaangua kicheko, na mimi ningecheka nao, kama Madamu asingenyoosha mkono kuomba kitabu. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kicheko kikakatika.

"Umemsahihisha mwandishi?"

Niliogopa, mwanangu. Nilimwona pasta mbele ya macho yangu kabisa. Mdomo ukaropoka wenyewe: "Madamu, mke wangu kwa Kinyarwanda mjomba wake anamwita marume. Yaani ni mama, lakini wa kiume. Na amalume pia, si ndivyo…" Hapo nikajisikia ninavyosema. Marume! Neno hilo lilikuwa nyumbani kwangu kila mjomba wake alipokuja kula, na sikuwahi kuliuliza hata mara moja.

Madamu alinitazama sana. "Futa alama zako zote mpaka ya mwisho," akasema. "Wiki ijayo urudi utueleze kwa nini mwandishi hakutafsiri maneno hayo. Ukishindwa tena, basi."

Tulifuta pamoja na mama yenu. Yeye anasoma kwa sauti, "Mama akasokota masharubu yake," mimi napitisha raba, yeye anakiinamia kitabu na kukiambia, "Pole, marume." Alicheka mpaka cherehani ikalala siku nzima.

Niliporudi darasani niliwaambia hivi: mwandishi hakutafsiri kwa sababu alikuwa nyumbani kwake. Mgeni ndiye wa kubisha hodi, na mimi niliingia moja kwa moja nikaanza kuhamisha viti. Madamu akasema, haya, kaandike tasnifu. Na tasnifu yangu ikawa juu ya hilohilo.

Basi nasaha yangu ni hii. Neno usilolijua halitakuponza, maana utaliuliza. Lile linalofanana na la kwenu ndilo uanze nalo. Na watu uwafanyie hivyohivyo, hasa wale unaodhani umeshawajua. Ukiona kosa katika kazi ya mwenzako, jishuku wewe kwanza. Na mtu wa nyumbani akikwambia uulize, uulize siku hiyohiyo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe walimu wakali wenye huruma, akupe ulimi usioona haya kuuliza, akurudishe kwetu na shahada yako tukupigie vigelegele. Na kile kitabu bado kipo kule maktaba. Ukikuta mle ndani "she" yangu moja niliyoisahau, ifute taratibu, useme, "Pole, marume."