Sarara Siku ya Kujitambulisha

Nimepika miaka mingi kwenye kambi ya watalii upande wa Sitalike, na kama kuna kitu nilitoka nacho kule, ni kuoka sarara. Sarara ni ule mnofu mrefu unaolala kwa ndani kwenye mgongo wa ng'ombe, laini kuliko nyama yote, hauna mfupa wala mshipa. Huku mtaani kwetu Kashaulili wenye bucha wanaushushia shoka pamoja na mbavu na shingo, unapimiwa mchanganyiko, unaenda kuchemsha. Dhambi tupu! Basi wazazi wa mchumba wa binti yangu walipotuma habari kwamba Jumamosi wanakuja kujitambulisha, niliamua palepale. Hawa watakula sarara.

Niseme ukweli, niliogopa. Kijana ni Msukuma, kwao ni wafugaji wa njia ya Inyonga, watu wenye ng'ombe hasa. Sisi wazazi wetu walitoka Burundi. Tumezaliwa hapahapa, uraia tumepata, tunalima mahindi na mihogo, na ng'ombe tunawaona wakikatiza barabara. Watu walishanipa umbea kwamba mama wa kijana anataka mkwe anayejua kukamua. Binti yangu ni mwalimu, anajua kushika chaki. Wiki nzima alikuwa hali vizuri. "Mama," aliniambia, "hao wakinikataa, yeye hatabishana na wazazi wake. Namjua." Nikamwambia aache maneno, atwange kitunguu saumu. Lakini moyoni nilikuwa nalia naye.

Jumamosi nilifika buchani asubuhi mapema, nyama ndiyo kwanza inatundikwa.

"Nitolee sarara nzima," nikasema. "Usiikate! Nina wageni."

"Mama, umesema una wageni. Ukiwapa nyama isiyo na mfupa si watasema umewanyima?" mwenye bucha akaniuliza.

"Wageni ni wangu au wako? Weka shoka chini, chukua kisu."

Akacheka, akaitoa polepole, nami nimemsimamia kama askari.

Nyumbani niliifunga kwa uzi ikae umbo moja, nikaipaka kitunguu saumu, pilipili manga, chumvi na asali kidogo sana. Nikaibabua kwenye mafuta ya moto mpaka ikawa kahawia pande zote. Oveni sina. Nina sufuria zito, na kama mtu anayeoka keki, niliweka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Wazungu walitaka katikati ibaki nyekundu, na sijawahi kuwaelewa. Hii niliacha damu yote iishe. Kisha nikaiepua, nikaifunika, ikapumzika. Ukiikata ikiwa inatoka motoni, utamu wote unakimbilia kwenye sinia, unabaki kutafuna kamba. Nilipoikata hatimaye, kisu kilipita chenyewe. Jamani, nilijipongeza kwa sauti.

Wageni walikuwa watatu: baba, mama na kijana wao. Nilikuwa nimepanga meza kama kule kambini, kila mtu na kiti chake, sahani, kisu na uma. Binti yangu akapita akiwanawisha. Mume wangu akaomba kwa kifupi, afadhali. Mimi nikaketi uso kwa uso na kijana, maana nilitaka nimwone anavyotia tonge la kwanza mdomoni. Ndivyo nilivyo, nikipika napenda kusifiwa.

Kijana hakugusa kitu. Alitazama sahani, akatazama ukuta, halafu akainuka. "Samahanini, natoka kidogo." Akaenda kusimama uani. Baba yake akaweka uma chini, na mama yake akainamisha kichwa. Nilimwona binti yangu amesimama na birika mkononi, macho yamejaa machozi.

Hapo hasira zikanipanda. "Nyama ina nini?" nikasema. "Kama mmekuja kutukataa, mngetuma simu tu. Ya nini kusafiri na kumliza mtoto wa watu?" Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikausogeza.

Mama wa kijana akasema kwa upole, "Nyama haina neno, mama. Ni hapo ulipokaa. Kwetu kijana hali mbele ya mama mkwe wake. Wala hawakai meza moja. Ni heshima."

Loo! Kwangu mimi kula pamoja ndiyo heshima, baba yangu alitulea hivyo. Nikabeba sahani yangu, nikaenda zangu jikoni, nimevimba, nikakaa kwenye kigoda. Punde nikasikia viatu vya kijana vinarudi ndani, kisha visu kwenye sahani, kisha baba yake akiuliza, "Huyu ng'ombe alikuwa anakula nini?" Wanaume wakacheka. Nikaanza kupoa.

Mara mama wa kijana akaingia na sahani yake. Akapindua ndoo, akaikalia, akala kwa mkono, akaongeza kipande.

"Toka Inyonga baba yake hakusema neno kwa wasiwasi, ndiyo kwanza anaongea," akaniambia. "Tuliambiwa nyie ni watu wa mjini, mmesomesha, hamtaki watu wa porini. Halafu tumefika, unakaa na mwanangu meza moja, unamkazia macho. Nikasema basi, tumekataliwa. Hivyo mtu anakaa na mtoto wa jirani, siyo na mkwe."

"Sisi? Sisi ndio tulikuwa tunawaogopa nyie! Wiki nzima mtoto wangu hali."

Akanitazama sana. Kisha akauliza, "Ulivyoinuka pale mezani, umeinuka kwa hasira, au umemkubali mwanangu?"

Ningeweza kumdanganya, na siku kama ile nani angenilaumu. "Nimeinuka kwa hasira," nikamwambia. "Lakini nimekaa huku kwa kumkubali."

Akaweka sahani chini, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka sokoni. Kule sebuleni mazungumzo yakakatika, na nikamsikia binti yangu anaanza kulia.